Siku Tuliponywana Juu ya Mabale

Jirani yangu hapa Kashai, mjini, huanika kahawa kwenye turubai kando ya barabara, na kila kiangazi tunagombana. Mimi humwambia bodaboda zitamkanyagia, vumbi litamharibia. Yeye hunijibu, "Bibi, kahawa ni yangu, vumbi ni la wote." Hajui kwamba ugomvi wangu si wa vumbi. Ni ile harufu. Kahawa mbivu ikianza kukauka hutoa harufu ya utamu uliokaribia kuoza, na ikishaingia dirishani mwangu siwezi tena kuendelea na nguo ninayoshona. Naweka sindano chini. Nakuwa na miaka tisa, miguu haina viatu na magoti hayaumi, na Kemilembe yuko juu yangu kwenye jiwe, ananinyooshea mkono na kuniambia, "Njoo bwana, usiangalie chini."

Kwetu kulikuwa upande wa Muleba, pale ambapo vibanja vinaisha ghafla na rweya inaanza. Kwa msiolelewa huko: kibanja ni shamba la migomba na kahawa, pamoja na nyumba iliyo ndani yake na makaburi ya wazee wako. Rweya ni nyika ya nyasi tupu, isiyo ya mtu, mnakochunga ng'ombe na kukata majani ya kutandika ndani ya nyumba. Enzi hizo aliyekuwa na kibanja ndiye alihesabika. Asiyekuwa nacho aliishi kwa mtu.

Mama yake Kemilembe aliishi kwa mtu, na mtu huyo alikuwa baba yangu. Mume wake alifariki bila kuacha mtoto wa kiume, shemeji zake wakachukua kibanja, naye akaja kwetu na binti mmoja, jembe na sufuria mbili. Baba akampa kibanda pembeni, mwisho kabisa wa migomba yetu, naye akawa anatupalilia na kutuchumia kahawa. Sikuona ubaya wowote katika mpango huo. Niliona tu kwamba Mungu ameniletea rafiki mpaka mlangoni, na sikujiuliza kwa nini mama yake alikuwa akipiga hodi hata akija kuazima kijinga cha moto.

Kemilembe alinizidi miezi michache na shingo nzima. Alijua kupiga mluzi, jambo ambalo wasichana tulikatazwa, na alikuwa na tabia ya kuanza kucheka kabla hajafika mwisho wa hadithi, kiasi kwamba mwisho wenyewe hatukuwahi kuusikia. Tulilala mkeka mmoja, tulichapwa na mwalimu mmoja. Nilidhani mambo yatakwenda hivyo mpaka tuzeeke.

Halafu mjumbe wa nyumba kumi akapita na daftari. Ninyi wa rika langu mnakumbuka siku zile. Shuleni tulikuwa tukiimba ujamaa mpaka koo zinakauka, na mimi nilikuwa mwimbishaji, tena mwenye majivuno. Sikujua kuwa kile tulichokiimba kingeweza kuja na lori na kumchukua mtu ninayemfahamu. Mjumbe aliandika majina ya waliokuwa tayari kuhamia kijiji kipya upande wa Ngenge, chini huko kwenye tambarare, ambako tuliambiwa kuna joto, nyuki na ardhi isiyo na mwisho. Jioni ile mama alipokuwa akimenya ndizi alisema, bila kuinua macho, "Mama Kemilembe kajiandikisha. Lori linakuja wiki ijayo."

Nilienda nyuma ya nyumba nikahesabu siku kwa vidole. Nasema kweli, hazikumaliza mikono miwili.

Dawa niliipata kwa babu. Babu yangu alikuwa na mwenzake aliyenywana naye, mzee mmoja wa ng'ambo ya bonde. Alikuwa akija kwetu anaingia bila hodi, anapewa chakula kabla ya baba, anakata ndizi kibanjani na kuondoka nazo bila kumuuliza mtu. Tulikuwa tumemsikia babu akieleza mara nyingi wanaume wanavyonywana: unapasua tunda la kahawa, ndani mna punje mbili zimekaa zikitazamana, pacha wa tumbo moja. Kila mmoja anajichanja kidogo karibu na kitovu, anapaka damu yake kwenye punje moja, mnabadilishana, mnameza. Tangu hapo nyumba yangu ni yako, kibanja changu ni chako. "Na ukimkana," babu alikuwa akimalizia, "tumbo litavimba mpaka lipasuke."

Basi nikapanga hoja yangu. Kemilembe anahama kwa sababu hawana kibanja. Tukinywana, kibanja chetu ni chake. Kikiwa chake, serikali haina sababu ya kumhamisha. Niliipitia hoja hiyo kila nilipokwenda mtoni kuchota maji, huku na huku, wala sikuona tundu mahali popote.

Nilipomweleza Kemilembe, alichorachora ardhini kwa kidole cha mguu. Kisha akasema, "Sawa. Ila twende juu ya Mabale."

"Kwa nini Mabale? Ni mbali."

"Huko juu hatatuona mtu. Na wanasema Ngenge inaonekana."

Mimi nilishika ile sababu ya kwanza tu. Kunywana kulikuwa kumekatazwa kanisani, katekista alikwisha kutuambia ni mambo ya kishetani, na kwa bahati mbaya katekista huyo alikuwa baba yake Yustina, rafiki yetu wa tatu, ambaye asingeweza kuachwa nyuma kwa sababu angeuliza tumekwenda wapi mpaka kijiji kizima kijue. Ikabidi aje. Tulimwapisha kwa rozari yake mwenyewe.

Mlima huo tuliuita Mabale, yaani mawe, kwa ajili ya mawe yake. Ukiwa chini unauona mlima wenye umbo zuri, kijani wakati wa mvua na rangi ya simba wakati wa kiangazi, na kichwani una mawe makubwa yaliyosogeleana kana kwamba yanateta. Tulitoka asubuhi tukiwa na kamba za kufungia majani, ili kila mtu ajue tumekwenda kukata majani. Kwenye pindo la gauni nilikuwa nimefunga matunda matatu ya kahawa na wembe wa baba. Kemilembe alibeba kibuyu cha maji. Yustina alibeba ndizi za kuchoma, na tulipofika nusu ya njia zilikuwa zimebaki mbili.

Nawaambia, nimepanda ngazi nyingi tangu hapo, za hospitali na za ofisi, lakini mwili wangu haujawahi kufurahi kama siku ile. Nyasi za kiangazi zilikuwa kavu na zinateleza, unapanda hatua tatu unarudi mbili, na mnacheka mpaka mnakosa pumzi ya kupandia. Mawe yalikuwa ya moto viganjani. Kulikuwa na panzi wanaoruka mbele yetu kila tunapokanyaga, na vichaka vya miiba vyenye vitunda vyekundu vidogo ambavyo tulivila mpaka midomo ikawa ya damu. Yustina alipiga kelele kwamba tumbo linamuuma, kisha akala vingine. Mahali pa mwisho paliposimama wima ilibidi tutambae kwa mikono na miguu, Kemilembe akitangulia na kutuvuta. Ndipo aliponiambia nisiangalie chini. Niliangalia, bila shaka. Chini yangu alikuwa mwewe, nikauona mgongo wake. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba mwewe ana mgongo.

Juu kulikuwa na upepo mkali uliotupeperushia magauni usoni. Upande wa mashariki ziwa lilikuwa limelala lote, na visiwa vyake. Chini yetu migomba ilikuwa imefunika kila kitu, nyumba hazionekani, moshi tu wa majiko unatoka kwenye kijani. Nilitafuta moshi wa kwetu, nikauona au nikafikiri nimeuona, nikajawa na furaha kubwa: yote yale, nilifikiri, namgawia Kemilembe leo.

Yustina tulimweka nyuma ya jiwe, tukamwambia atazame ziwani na asali Salamu Maria bila kupumzika, ili dhambi isitushike vizuri. Tukaanza kumsikia akizisali kwa kasi.

Nilipasua tunda la kwanza. Ndani mlikuwa na punje moja tu, ya mviringo. Nilipasua la pili, upepo ukalichukua. La tatu lilikuwa na pacha. Kemilembe akachukua wembe, akakunja gauni, akajichanja pembeni ya kitovu haraka, kama mtu anayejitoa mwiba. Damu ikatoka mara moja, nyekundu mno, nyingi kuliko nilivyotazamia. Akapaka punje yake. Kisha akanipa wembe, ukiwa bado na joto la mkono wake.

Sikuweza. Nawaeleza bila kujipamba: nilikuwa nimetunga mpango wote mimi, nimeiba wembe mimi, na tumbo langu likakataa. Nilisema naona aibu kujifunua, nikageuka nyuma ya jiwe. Kwenye kichaka mlikuwa na vile vitunda vyekundu. Nikaponda kimoja kwenye kiganja, nikapaka punje, nikarudi nimeshika tumbo na kukunja uso.

Tukabadilishana. Nikasema maneno ya babu, nyumba yangu ni yako, kibanja changu ni chako, naye akayasema vilevile, ingawa hakuwa na nyumba wala kibanja. Mimi nilimeza upesi. Kemilembe alikaa na punje yake mdomoni kidogo, akinitazama, kisha akameza.

"Tayari?" Yustina aliuliza kutoka nyuma ya jiwe. "Nimefika Salamu Maria ya ishirini."

Kemilembe alisimama, akageuka upande ambao mimi sikuwa na haja nao, magharibi, ambako nchi inashuka na kuwa tambarare ya kijivu isiyo na migomba. Alitazama huko muda mrefu, amekinga macho kwa mkono. Yalikuwa yanatoka machozi. Nikamkumbatia kiunoni, nikamwambia, "Usilie. Hutakwenda tena. Tumeshanywana." Tuliteremka kwa makalio sehemu kubwa ya njia, na majani tulisahau kukata. Mama alinichapa kwa ajili ya majani, na nilichapwa nikiwa na furaha.

Lori lilikuja asubuhi ya siku ya nne, likasimama kwenye ghala la kahawa. Kulikuwa na watu wengi, mikeka, kuku waliofungwa miguu. Nilimwona Kemilembe ameshapanda. Nikajipenyeza mpaka kwa mjumbe, nikasema kwa sauti yangu ya uimbishaji, watu wote wakasikia: "Kemilembe haendi! Tumenywana. Kibanja chetu ni chake."

Wakacheka, na mjumbe akacheka kuliko wote. "Wanawake wamenywana!" akasema akijifuta macho. Baba yangu hakucheka. Alikuja akanishika mkono, akaniambia, wala si kwa ukali, "Mwanangu, kibanja ni cha watoto wa kiume. Wewe mwenyewe hapa ni mpita njia. Unampaje mtu?"

Sikumwelewa. Nilifikiri anamaanisha kwamba nimesimama njiani.

Mama Kemilembe aliniita kutoka kwenye lori. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na amekalia furushi la machipukizi ya migomba, yamefungwa vizuri kwa magome. Aliinama akanishika kichwa. "Usilie, maawe," akasema. "Huko wananiandikia shamba kwa jina langu. Unasikia? Jina langu mimi." Nilimwonea huruma. Niliona mtu mzima amefurahia kuandikwa jina, kitu ambacho sisi shuleni tulifanyiwa kila asubuhi.

Lori likaondoka. Kemilembe alipunga mkono, akicheka, na niliamini anacheka ili mimi nisilie. Nilikimbia nyuma ya lori mpaka vumbi likanizidi. Halafu nikakaa chini barabarani, nikajua kwa uhakika kabisa kwa nini dawa haikufanya kazi. Nilikuwa nimeweka tunda mahali pa damu. Kama ningekuwa jasiri kwa dakika moja, Kemilembe angebaki.

Niliishi na neno hilo. Nilipopata komunyo ya kwanza niliungama uchoyo, uongo na kuiba sukari, hilo sikulitaja. Nilingoja tumbo livimbe. Mwaka mzima nilikuwa nalipima kwa kamba ya kufungia majani. Na kila kiangazi nilipanda Mabale, mara nyingine na Yustina, mara nyingi peke yangu, nikaketi kwenye yale mawe na kuitazama tambarare ya kijivu mpaka macho yanauma. Rafiki wengine nilipata, wazuri tu. Hakuna aliyenitangulia jiweni na kuninyooshea mkono, na mpaka leo ningetoa cherehani yangu na kila kilichomo chumbani humu nirudishwe kwa saa moja tu kwenye ule upepo.

Nikakua, nikaolewa mjini, ndoa ikavunjika. Baba akafariki. Siku ya kugawa kibanja nilikuja nimevaa vizuri, nikakaa na wanaume barazani. Kaka zangu walipanda alama za mipaka kutoka mgomba hadi mgomba, wakamaliza kibanja chote, hawakunitazama. Kisha mkubwa wao akaniambia kwa upendo, na najua ulikuwa upendo, "Dada, karibu wakati wowote." Karibu huambiwa mgeni. Nilirudi Kashai na kikapu cha ndizi nilizopewa, na ndani ya basi ndipo nilipomsikia baba vizuri, miaka yote hiyo baadaye. Nilikuwa nimempa Kemilembe damu ya uongo, na zaidi ya hapo nilikuwa nimempa kibanja cha uongo, kwa moyo wangu wote, juu ya mlima.

Aliyenifikisha Ngenge ni Yustina. Mdomo wake haujawahi kupoa. Siku moja alinikuta kwangu akaanza kusimulia kabla hajakaa: amekwenda Muleba sokoni, amemwona mama mrefu anauza ndizi na anapiga mluzi, "Nani mwingine, niambie? Nani mwingine?" Wiki ile ile nikapanda basi mpaka Muleba, kisha bodaboda, kijana akiniteremsha kwenye joto ambalo tuliambiwa tukiwa wadogo.

Kemilembe alikuwa amekonda na amekuwa na mvi, na alianza kucheka kabla hajanifikia. Tulishikana tukalia. Alininywesha, akanilisha, akanieleza: mama yake, mae kama alivyomwita, alifariki, shamba likabaki kwake, kwa jina lake, ana karatasi. Miaka ya kwanza ilikuwa ya taabu, migomba ilikauka, walirudia kupanda mara tatu.

"Siku ile juu ya Mabale," nikamwambia, "ulikuwa unalia."

"Mimi? Ulikuwa upepo. Nilikuwa natafuta nyumba yetu itakuwa wapi." Akanishika goti. "Nilikuwa naomba lori lisichelewe. Mae alikuwa haongei habari nyingine. Nilishindwa kukuambia, ulivyokuwa umejitahidi."

"Na bado ukajichanja?"

"Si ulitaka?"

Ndipo nikalitoa lile neno, nikiwa mwanamke mzima mwenye wajukuu. "Kemi, mimi sikujichanja. Ile haikuwa damu."

"Nilijua," akasema. "Damu gani ina mbegu?"

Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akachukua panga, akaniambia nimfuate. Tulipita katikati ya migomba yake, minene, imetandikwa majani vizuri, mpaka upande wa mwisho ambako mstari mmoja ulitoka mwanzo wa shamba hadi mwisho.

"Huu ni wako," akasema. "Tulipopimiwa nilimwambia mae nimenywana, kuna mtu ana sehemu yake. Mae hakucheka. Akaniambia nichague mstari. Tumekula sana ndizi zako, usifikiri. Njaa ilikuwepo."

Nilitaka kusema sistahili, na yeye akaliona hilo linakuja, akanigeuzia mgongo. Akaenda kwenye mgomba uliokuwa na mkungu uliokomaa, akainua panga. Halafu akalishikilia juu, hakukata. Akageuza uso akanitazama, kwa adabu kabisa, kama anavyotazamwa mwenye mali.

"Waitu," akasema, kwa neno letu la heshima, "nikate?"

Nimezaliwa kibanjani, nimelelewa kibanjani, na maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Kata," nikasema.